Amana ya mpangaji isiwe zawadi kwa mwenye nyumba

Kwa Mhariri,

Mjadala wa nyumba nchini umegeuka kuwa mjadala wa kununua. Kila mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na sina ugomvi na ujenzi huo. Lakini wakazi wengi wa Nairobi ni wapangaji, na wataendelea kuwa wapangaji kwa miaka mingi. Nani anawasemea hao?

Chukua mtaa wetu wa Buruburu. Ulijengwa kwa awamu kuanzia miaka ya sabini: maisonette (nyumba zenye chini na juu) zilizoshikana safu kwa safu, kila moja na kiuwanja chake, zikauzwa kwa mkopo kwa watu wa kipato cha kadiri ili waishi humo wenyewe. Leo nyingi zinapangishwa. Nyingine zimegawanywa, familia moja chini na nyingine juu, na mahali pa maua pameota vyumba vya kukodisha. Anayetaka nyumba nzima hutozwa na ajenti ada ya kuonyeshwa tu, aipende asiipende, na mara nyingi ajenti huyo hajasajiliwa kama sheria inavyotaka. Akishaipata, analipa kodi ya mwezi wa kwanza, amana ya mwezi mmoja au miwili, amana ya maji na ya stima, kisha ndipo atafute hela za lori.

Haya yote huvumilika. Kisichovumilika ni kutoka. Umetoa notisi ya mwezi mmoja, umesafisha nyumba, umerudisha funguo. Keateka, msimamizi wa nyumba, anapita akiandika makato ya kutoa kwenye amana yako: rangi, kitasa, sinki, rangi tena. Kuta ulizikuta na mashimo ya misumari ya mpangaji aliyekutangulia, naye alikatwa pesa za rangi, na wewe unakatwa, na brashi haijagusa ukuta. Ukiomba risiti ya fundi, simu haishikwi tena. Nina majirani waliokwisha kujifunza: mwezi wa mwisho hawalipi kodi, wanamwambia landilodi aile hiyo amana. Siwalaumu, ingawa hapo mwenye nyumba mwaminifu ndiye anayeumia.

Sheria iko wapi? Mwenye nyumba anayedai kodi ana Sura ya 293 ya Sheria za Kenya, inayomwezesha kutuma dalali wa mnada mwenye leseni akamate viti na televisheni yako. Mpangaji naye ana Sura ya 296, ambayo inalinda nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Shilingi 2,500! Kwa bei hiyo Buruburu hupati hata chumba cha nyuma. Mswada wa mwaka 2021 uliokusudia kuunganisha sheria hizi ulifika Bunge la Taifa, ila haukuwa sheria. Lakini ilipofika zamu ya kutoza ushuru, serikali haikuchelewa: kuanzia Januari 2024 mapato ya nyumba za kuishi yanatozwa asilimia 7.5. Kwa hiyo inajua kodi zetu ni kiasi gani.

Kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021 na kupokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Lakini aliyehamia Rongai, nje ya jiji, atapoteza siku ngapi za kazi akifuata amana ya elfu arobaini?

Wabunge wauandike upya mswada ule, waondoe hicho kiwango cha 2,500, na waweke mambo mawili waziwazi. Hali ya nyumba iandikwe na kutiwa sahihi na pande zote mbili siku ya kuingia, na amana irudishwe ndani ya siku 30 baada ya kutoka, kila makato yakiwa na risiti. Mwenye nyumba asiyeficha kitu hatapoteza hata senti.

Mpangaji,
Buruburu, Nairobi