Swali la kwanza kwa senta: mtoto atatoka lini?

Mhariri,

Mzazi akifika na kijana wake kwenye senta ya kulaza wagonjwa wa akili, iwe hapa Nakuru au Kisumu, huanza na bei. Lingemfaa zaidi swali hili: mtoto atatoka lini, na akitoka nani atamfuatilia? Senta isiyo na jibu siku ya kumpokea inamhifadhi tu.

Kwanza apimwe. Kijana anayeweweseka ghafla huku mwili una joto, hasa kandokando ya Ziwa Victoria, apimwe malaria kabla ya mtu kutaja wazimu. Kifafa nacho huleta vituko ambavyo majirani huviita mapepo. Na wengi hawahitaji kulazwa kabisa. Mwenye huzuni nzito lakini anakula, analala na hana mpango wa kujidhuru, anaweza kutibiwa akitokea nyumbani, akimwona mnasihi kila wiki.

Anayelazwa asichanganywe na watu wazima. Kifungu cha 53 cha Katiba kinataka mtoto anayezuiliwa atengwe na watu wazima, na kwa muda mfupi iwezekanavyo. Lakini ziko senta zinazomlaza mvulana wa miaka 15 aliyevuta bangi chumba kimoja na mlevi wa miaka 40, siku 90, kwa kuwa ndizo zilizolipiwa. Mlango ukiwa na kufuli na ufunguo uko kwa bawabu, kwangu huko ni kuzuiliwa, hata kama aliyelipa ni baba mzazi. Nazo zile za kukataza wazazi kumwona mwezi mzima "ili azoee" ziepukwe. Mtoto akipigwa humo, atamwambia nani? (Namba 116 ya watoto ni bure, lakini anahitaji simu.)

Dai uandikiwe jina la kila dawa na kipimo chake. Haloperidol, dawa ya kutuliza wazimu, kwa mfano, inaweza kumkaza kijana shingo ikapinda upande mmoja na macho yakabaki yametazama juu, saa chache au siku chache baada ya sindano. Hilo si pepo, ni madhara ya dawa, na hutulizwa kwa benzhexol, ambayo wengi huijua kama Artane. Pale ambapo zamu ya usiku ni ya bawabu na rungu lake, bila muuguzi, nani atalitambua? Fluoxetine, dawa ya huzuni nzito, nayo huchukua wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi, kabla nafuu haijaonekana, na kwa vijana wachache mawazo ya kujiua huongezeka mwanzoni. Mzazi asipoambiwa hayo, huona dawa haifanyi kazi na kuiachisha.

Sasa kutoka. Wiki za kwanza baada ya kuondoka wodini ndizo za hatari kubwa ya kujiua, na ndizo ambazo familia hulegeza macho kwa sababu mtoto "amepona". Asitoke bila tarehe ya kliniki iliyoandikwa, ndani ya siku 7, pamoja na dawa za kumfikisha huko. Dawa hizo zishikwe na mtu mzima. Huku Molo na Mau Narok, ambako dawa ya kunyunyizia viazi huwekwa chini ya kitanda au nyuma ya mlango wa jikoni, itiwe kwenye sanduku lenye kufuli kabla hajafika nyumbani, na ufunguo akae nao mtu mmoja.

Shule za bweni zina kosa lao. Matroni akisimama mbele ya bweni akasoma majina ya wanaomeza dawa, siku ya tatu hakuna atakayejitokeza. Mzazi na mwalimu mkuu wakubaliane mapema ni saa ngapi, ni chumba gani, na nani atampigia mzazi simu dozi mbili zikikosekana.

Muuguzi wa afya ya akili,
Nakuru