Barua ya wazi kwa Rais wa KSÍ: mechi ya Oktoba ichezwe tukiwa tumeshatoka kazini

Reykjavik, Agosti 2025

Kwako Þorvaldur Örlygsson, Rais wa shirikisho la mpira wa miguu la Aisilandi,

Kwa adabu niliyolelewa nayo Tanga, mtu wa cheo chako ningemwanza kwa "Mheshimiwa", nikamjulia hali yeye na watu wa nyumbani kwake, ndipo nitaje shida. Lakini nimeishi hapa miaka tisa, na hapa hata Rais wa nchi anaitwa kwa jina lake la kwanza. Basi nakuita Þorvaldur, na bado naona haya kidogo. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiisilandi changu kinatosha kununua samaki, hakitoshi kulalamika. Binti yangu wa miaka kumi na mmoja ameahidi kukutafsiria. Bei tumeshakubaliana.

Shida yangu ni saa.

Ijumaa ya 12 Julai 2024 Ujerumani walikuja Laugardalsvöllur, uwanja wa taifa, kucheza na timu yetu ya taifa ya wanawake. Mpira ulianza saa kumi na robo alasiri. Mimi wakati huo nilikuwa chumba cha kufulia cha hoteli, nakunja mashuka. Mwenzangu wa zamu, dada kutoka Poland, alisimamisha simu yake juu ya ndoo ya sabuni, tukawa tunakunja jicho moja likiwa kwenye shuka na jingine kwenye kioo. Ingibjörg Sigurðardóttir akafunga la kwanza mapema. Kipindi cha pili kilipoanza tu Alexandra Jóhannsdóttir akaongeza. Saa kumi na moja na nusu zamu ikaisha, nikatoka mbio kwa mlango wa nyuma, nikadandia basi. Nilikuwa getini, mkono kwenye mkoba natafuta tiketi, uwanja ulipolipuka. Sveindís Jane Jónsdóttir kapachika la tatu. Tumewafunga Ujerumani tatu bila, na tiketi ya Euro ya wanawake ya 2025 kule Uswisi mkononi. Nilipoingia mama mmoja nisiyemjua alinikumbatia, nikamkumbatia, tukarukaruka. Nilishangilia kwa nguvu zote goli ambalo sikuliona.

Mwaka huu, Aprili, uwanja mkubwa ulikuwa umefukuliwa kwa ajili ya nyasi mpya, mkawapeleka akina dada kwenye uwanja wa jirani wa klabu ya Þróttur. Hilo silalamiki, nyasi zina wakati wake. Lakini mechi zote mbili, ya Norwe siku ya Ijumaa na ya Uswisi siku ya Jumanne, zikawekwa alasiri tena. Ya Uswisi iliisha tatu kwa tatu, na magoli yetu yote matatu yalifungwa na mtu mmoja, Karólína Lea Vilhjálmsdóttir. Magoli matatu ya mchezaji mmoja, kilomita chache kutoka kwangu, na mimi nabadilisha foronya! Binti yangu alikwenda na jirani. Usiku alinisimulia akiweka vikombe mezani kuonyesha nani alikuwa wapi, na chumvi ndiye alikuwa Karólína.

Sisemi mechi zote za wanawake huchezwa saa hizo. Nasema zile kubwa, ambazo mtoto atazikumbuka akiwa mtu mzima, zimenipita hivyo. Za wanaume mara nyingi huanza jioni, watu wameshaoga na kula.

Nadhani unajua kuwa Kiswahili huhesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Kama hujui, ndiyo hivyo: saa moja ni saa ya kwanza ya mchana. Hesabu hiyo ilitungwa na watu wanaoishi karibu na ikweta, na Reykjavik inaivuruga kabisa. Mama yangu akinipigia Juni kuuliza jua limezama saa ngapi, nikimjibu saa sita usiku, ananisomea dua. Nalitaja hili kwa sababu niliwahi kuambiwa na mtu mmoja jukwaani kwamba mechi huwekwa mapema kwa ajili ya mwanga. Mwanga upi? Siku ile ya Ujerumani jua lilizama karibu na saa tano na nusu usiku. Siku ya Uswisi lilizama baada ya saa mbili usiku. Mngeweza kuanza saa moja, mkamaliza kipindi cha kwanza chote bila kuwasha hata taa moja.

Najua jibu la pili, nalo lina uzito: televisheni. Saa yetu iko nyuma ya Ulaya bara, kwa hiyo alasiri ya Reykjavik ni jioni ya Berlin, na anayelipia matangazo anataka watu wake wawe kwenye makochi. Sawa. Lakini Julai hii kwenye Euro, mechi yetu na Uswisi na ile ya Norwe zilianza saa tatu usiku kwa saa za kule, yaani saa moja kwa saa za hapa. Hakuna mtazamaji wa Ulaya niliyesikia akilalamika kwamba amechelewa kulala. Mimi nilizitazama zote mbili sebuleni, miguu kwenye beseni la maji ya moto. Tulifungwa, ndiyo. Tulifungwa zote tatu za kundi letu. Norwe walitutoa jasho nne kwa tatu na tukarudi nyumbani bila pointi. Lakini niliziona dakika zote tisini, na nina maoni yangu kuhusu ukuta wetu ambayo nayahifadhi kwa barua nyingine.

Fikiria ni nani hayupo jukwaani saa kumi alasiri siku ya kazi. Hayupo anayesafisha, hayupo anayelisha wazee kwenye nyumba za kulelea, hayupo wa kiwanda cha samaki, hayupo mwalimu wa chekechea anayesubiri mzazi wa mwisho. Wengi wao ni wanawake, na wengi wao, kama mimi, hawakuzaliwa hapa. Sisi wageni sasa tunakaribia mmoja kati ya watu watano nchini. Watoto wetu huja kwenye mpira wakichelewa au wasije kabisa, kwa sababu mzazi asiyejua klabu hufanya nini hawezi kumwandikisha mtoto. Mimi mwenyewe niliijua timu hii kwa Sveindís. Mama yake ni wa kutoka Ghana, yeye kakulia Keflavík, na siku binti yangu alipomwona kwenye televisheni aliniuliza kama anaruhusiwa kucheza. Alitumia neno hilo, kuruhusiwa. Wiki iliyofuata tulikwenda kumwandikisha.

Tena kuna jambo moja la lugha lililonifanya nijisikie nyumbani. Wengine husumbuka na majina yenu. Sisi watu wa pwani hatusumbuki, maana bibi zetu waliandikwa hivyohivyo kwenye vyeti: fulani binti fulani. Nahodha wetu Glódís Perla Viggósdóttir, yule wa Bayern Munich, kwetu ni Glódís Perla binti Viggó. Nikisoma kikosi kabla ya mechi nahisi nasoma orodha ya wanaharusi.

Sasa nije kwenye ombi. Oktoba mnacheza na Ireland ya Kaskazini mechi mbili za kuamua kama tutabaki Ligi A, daraja la juu la Ligi ya Mataifa ya Ulaya. Hatujawahi kucheza Kombe la Dunia la wanawake. Mwaka 2022 Ureno walitufungia mlango kwenye muda wa nyongeza, na njia ya kwenda Brazil 2027 ina nafuu zaidi kwa aliyeko juu. Mechi ya kwanza ni ugenini, Ijumaa tarehe 24 Oktoba. Tarehe hiyo unaijua kuliko mimi. Ijumaa ya 24 Oktoba 1975 wanawake wa nchi hii, tisa kati ya kumi, waliacha kazi za ofisini, za viwandani na za jikoni kwa siku nzima. Akina baba wakaenda kazini na watoto, na soseji zikaisha madukani. Mama mkwe wa jirani yangu alikuwepo, na bado anazicheka zile soseji. Wakati ule hata timu ya taifa ya wanawake hamkuwa nayo. Ilicheza mechi yake ya kwanza 1981, na Scotland. Mwaka huu nusu karne inatimia, tena Ijumaa ileile, na akina dada watakuwa uwanjani.

Siku nne baadaye, Jumanne tarehe 28, marudiano ni hapa Laugardalur. Mwishoni mwa Oktoba jua linakuwa limezama kabla ya saa kumi na mbili, kwa hiyo safari hii mwanga wa mchana hautakuwa sababu ya mtu yeyote. Naomba mechi ianze saa moja usiku. Baridi? Mwaka 2008, tarehe 30 Oktoba, benki zikiwa zimeanguka wiki chache tu kabla, timu hii iliwafunga Jamhuri ya Ireland tatu bila juu ya uwanja ulioganda, ikaenda Euro kwa mara ya kwanza. Watu walikuja. Tutavaa soksi mbili.

Na kama saa moja haiwezekani, basi saa yoyote mtakayochagua itangazwe mapema, angalau mwezi mmoja kabla. Ratiba ya zamu hubandikwa ukutani mwanzoni mwa mwezi. Ikishabandikwa, kumpata wa kubadilishana naye siku ya Jumanne ni kazi kuliko kupata ushindi Wembley. Mlishasawazisha posho za ushindi kati ya wanawake na wanaume, mkasifiwa duniani kote, na mlistahili. Hili la saa halitawagharimu hata krona moja kwenye posho.

Nimeshanunua glavu za binti yangu. Dada wa Poland naye anataka kuja, na wanawe wawili. Zamu yetu Jumanne hiyo inaisha saa kumi na moja na nusu, na kutoka mlango wa nyuma wa hoteli hadi geti lenu ni dakika ishirini na tano, basi likija kwa wakati.

Wako,
Mama wa winga wa kushoto, timu ya wasichana chini ya miaka kumi na miwili