Wageni wa misheni wafuate sheria tunazofuata sisi

Mhariri,

Kila mwaka, kati ya Juni na Agosti, shule za Marekani na Ulaya zinapofungwa, uwanja wa ndege wa Kisumu hupokea makundi ya vijana wa makanisa ya huko, wamevaa fulana za rangi moja zenye jina la safari yao ya misheni. Hukaa wiki moja au mbili, wakapaka rangi ukuta wa shule, wakaimba na watoto wa makao fulani, wakapitia Maasai Mara, kisha wakarudi kwao. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo moja: ile sura ya Afrika isiyojiweza, ambayo tumezoea kuilaumu kwa ujinga wa wageni hawa, hutokana zaidi na jinsi safari zenyewe zinavyochangiwa fedha.

Kijana wa miaka kumi na tisa hana nauli ya kufika Kisumu, kwa hiyo huwaandikia jamaa na washirika wa kanisa lake kuomba mchango. Mchango huo hauji kwa kuwaonyesha mji wenye hospitali ya rufaa, vyuo vikuu jirani, na wakazi ambao tangu mwaka 2007 wamekuwa wakitumiana pesa kwa simu. Huja kwa picha ya mtoto wa mitaa ya mabanda ya Obunga au Nyalenda aliyesimama kando ya mtaro bila viatu. Hivyo kabla hajapanda ndege, kijana ameshawaahidi wafadhili wake kwamba atakuta dhiki, na akirudi anadaiwa ripoti ya dhiki hiyo, hata kama mwenyeji wake alikuwa mhasibu aliyemlaza katika nyumba yenye maji ya mfereji na kumpikia samaki kila jioni. Mhasibu huyo hataonekana katika ripoti.

Sisemi kwamba vijana hawa ni wanafiki. Wapo wanaokuja kwa imani ya kweli, wapo wanaotaka kuona dunia, na wapo wanaohitaji habari nzuri ya kuandika wanapoomba nafasi chuoni. Mara nyingi yote matatu yamo ndani ya mtu mmoja. Lakini kuhubiri peke yake hakutoshi kuieleza safari hiyo. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa asilimia 85 hivi ya Wakenya ni Wakristo. Wamishonari wa Marekani wa dhehebu la Marafiki, wanaojulikana pia kama Quaker, walifika Kaimosi mwaka 1902, Waanglikana wakafungua kituo cha Maseno mwaka 1906, na leo Kenya ina waumini wa Quaker wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, Marekani yenyewe ikiwemo.

Wamishonari wa enzi hizo nao walikuwa na dosari zao, kwa maana waliingia pamoja na serikali ya kikoloni na wakadharau mengi ya wazee wetu. Hata hivyo walikaa, na baadhi yao ukaaji uliwabadilisha. Kasisi Mwanglikana Walter Owen, aliyekuwa na cheo cha Archdeacon wa Kavirondo, jina la zamani la eneo hili, alisaidia mwaka 1923 kuunda chama cha kutetea walipa kodi wa eneo hili, na baadaye akaanika katika magazeti ya Uingereza kazi za kulazimishwa walizofanyishwa watu wetu, hata walowezi wakamchukia. Yeye aliwaambia watu wa kwao mambo wasiyotaka kuyasikia. Mgeni wa wiki mbili huwaambia wa kwao yale waliyoyaamini tangu zamani, na anapigiwa makofi.

Kuhusu ukuta wa shule sina mengi. Juni na Julai ni katikati ya muhula wa pili, masomo husimamishwa ili wageni wapake rangi, na mafundi wa Kondele wanaokaa wakingoja kibarua wangeifanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Makao ya watoto ndiyo yanayonikosesha usingizi. Wengi wa watoto wanaoitwa mayatima wana mzazi au jamaa aliye hai. Walipelekwa huko kwa sababu ya karo, chakula au ugonjwa. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mwaka 2022 ikazindua mpango wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto katika familia. Makao yanayotegemea wageni hayana haraka na mpango huo, kwani mtoto akirudi kwa nyanya yake huondoka pamoja na mfadhili wake. Wapo wasimamizi, tena Wakenya wenzetu, ambao huyaficha mavazi mazuri ya watoto siku ya ugeni. Sisi nasi tuna dhana yetu kwamba kila Mzungu ni mfuko wa pesa, tena mwema, na dhana hiyo hufungua milango ambayo ingepaswa kufungwa. Mmarekani mmoja aliyeendesha makao kule Bomet alihukumiwa huko Pennsylvania mwaka 2021 kifungo cha miaka 15 na miezi minane kwa kuwadhulumu kingono wasichana aliodai kuwalea.

Ushirikiano mwema unawezekana, na hatuhitaji kwenda mbali kuuona. Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana vimeshirikiana Eldoret tangu mwaka 1989. Madaktari wa huko huja, na wetu huenda kujifunza kwao.

Ninachoomba ni kwamba idara ya watoto ya kaunti na maaskofu wa madhehebu yote wakubaliane juu ya masharti machache kabla ya msimu ujao. Daktari mgeni aonyeshe leseni ya muda ya baraza la madaktari kabla ya kumgusa mgonjwa. Ziara za kucheza na watoto katika makao zikome. Picha ya mtoto isipigwe wala kusambazwa bila idhini ya mzazi au mlezi wake, kwa kuwa sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inadai idhini hiyo kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na sioni kwa nini simu ya mgeni isamehewe. Kanisa langu limepokea barua ya kundi linalotaka kuja Julai. Nimeliomba baraza la wazee liwatumie masharti haya kwanza, ndipo tuzungumze habari za malazi.

Mzee wa kanisa,
Manyatta, Kisumu