Tuezeke kwa msaragambo kabla mvua haijarudi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wa Chamwino. Dhoruba imeezua nyumba nyingi kijijini kwetu, na uwele uliokuwa ndani umelowa. Kinamama wanauanika kwenye maturubai tangu asubuhi. Jioni mawingu yanatanda tena, wanakimbilia kuufunika.

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopiga Mafia na Kilwa, wengi tulidhani hayo ni mambo ya watu wa pwani. Sasa mabati yetu yamening'inia kwenye mibuyu. Tembe chache zilizobaki, zenye paa bapa la udongo, hazikutikisika. Wazee wetu waliujua upepo wa huku.

Tuitane msaragambo Jumamosi hii. Tuanze na nyumba za wajane na wazee wasio na vijana. Mwenye mkokoteni asombe mchanga, mwenye mabati ya akiba aazime. Mafundi, nawasihi sana: fungeni kenchi kwa waya hadi ndani ya ukuta, misumari peke yake imetuponza. Na wenye uwele mkavu, hata debe moja, wapelekeeni majirani. Kuna watoto wanaolala njaa.

Mkazi wa Chamwino,
Dodoma