Ile harufu ya bahari uliyoniuliza

Tanga, Novemba

Ndugu yangu Kombo,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo, hofu ni kwenu mnaokula vumbi la Dodoma. Mama anakusalimu, na ile chupa ya achari uliyoahidi kuirudisha bado anaidai.

Nimecheka niliposoma kwamba kinachokutia hamu si samaki wala madafu bali harufu ya bahari, na kwamba mwenzako wa kazini kakukata kauli: ule ni uozo tu. Mwambie nusu kapata, nusu kakosa. Sehemu kubwa ya harufu ile ni gesi yenye salfa, jina lake dimethili salfaidi. Vijimea vinavyoelea majini, vidogo visivyoonekana kwa macho, hubeba kemikali ambayo vikifa au vikiliwa, bakteria huivunja na gesi ikatoka. Zamani wataalamu walidhani salfa hupanda kutoka baharini kwa gesi ile inayonuka yai viza. Kisha mwanasayansi Mwingereza James Lovelock akasafiri na meli ya utafiti iitwayo Shackleton kutoka Uingereza hadi Antaktika, mwaka 1971 kuingia 1972, akapima maji njiani na kuikuta hii nyingine kila alikopita.

Ikishafika hewani, jua linaikamata. Mwanga hupasua gesi ya ozoni, ozoni iliyopasuka ikikutana na mvuke wa maji hutoa haidroksili, kitu kikali kisichodumu hata sekunde moja ila huzaliwa upya mchana kutwa, nacho huishambulia gesi yetu kwa siku moja hivi mpaka igeuke, hatua kwa hatua, kuwa asidi ya salfa. Asidi hiyo hutengeneza chembe, mvuke huzigandia, na wingu lina pa kuanzia.

Mwaka 1987 Lovelock na wenzake watatu wakaenda mbele zaidi: wakasema bahari ikipata joto vijimea huongeza gesi, mawingu yakaongezeka, bahari ikapoa. Nilivyoipenda hadithi hiyo! Nimeifundisha kidato cha nne miaka mingi kama vile imeshuka na wahyi. Kumbe mwaka 2011 watafiti Quinn na Bates walishaipinga kwa hoja nzito: mbegu za mawingu juu ya bahari zina vyanzo vingi, pamoja na chumvi inayorushwa na mawimbi. Ikanibidi niwarudie wanafunzi na kujisahihisha, jambo ambalo walilifurahia kupita kiasi.

Lakini nililotaka hasa kukwambia ni jingine. Unaikumbuka ile michirizi laini wakati wa maleleji, maji yametulia na pale katikati yanang'aa kama kuna mtu kamwaga mafuta? Sisi tulikuwa tunasema ni sifa iliyochuja kwenye majahazi. Siyo. Ni utando wa bahari yenyewe, mafuta na protini na sukari za viumbe, mwembamba kuliko milimita moja. Upo hata pale usipouona. Kwenye michirizi umesongwa pamoja tu. Mwaka 2015 Raluca Ciuraru, Christian George na wenzao huko Lyon, Ufaransa, waliuchukua utando huo wakaumulika taa yenye mwanga kama wa jua. Ukatoa isoprini, gesi ambayo kwa upande wa bahari ilikuwa ikihesabiwa kuwa kazi ya viumbe hai. Yaani jua na mabaki ya waliokufa, basi. Kuna vitu kwenye utando vinavyonyonya mwanga na kuupitisha kwa mafuta, mafuta yakakatikakatika kuwa mvuke. Mwaka 2018 watafiti wa Lyon na wa Leipzig, Ujerumani, wakakadiria kwamba bahari zote hutoa kwa njia hii mvuke wenye kaboni tani milioni 23 hadi 92 kwa mwaka. Mwanafunzi wangu angeniletea jibu pana namna hiyo ningemrudishia daftari, lakini hata hiyo 23 si haba.

Na usidhani bahari inatoa tu. Kule Cabo Verde, nchi ya visiwa magharibi ya Afrika, kwenye kisiwa cha São Vicente, watafiti walipima ozoni ya chini, hii tunayoivuta puani, siyo ile ya juu inayotukinga. Matokeo yalitoka mwaka 2008: mchana ilikuwa ikipotea kwa kiasi kilichozidi makadirio ya kompyuta kwa karibu nusu. Zinazoila hiyo ozoni ni iodini na bromini zitokazo baharini. Ozoni yenyewe ikigusa maji huifungua iodini, jua likaipasua, nayo ikarudi kuila ozoni. Kajichimbia kaburi, maskini.

Basi ukija Desemba tusitoke alfajiri kama tulivyozoea. Twende saa sita, jua la utosi, ngalawa ya Baba ipo na tanga limeshonwa upya. Chukua kofia. Na ile chupa.

Wako,
Salimu