Bata mzinga wa Jumamosi, na lile ulilouliza kuhusu heri na shari

Rafiki yangu Halima,

Salaam nyingi kwako, shemeji na watoto. Huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Nakujibu haraka kwa kuwa umesema wageni wanakuja Jumamosi kula chili ya bata mzinga, ule mchuzi mzito wa nyama ya kusaga, maharage na pilipili, na maharage makavu yanataka kulowekwa tangu Ijumaa usiku.

Pole sana kwa kuikosa ile nafasi kazini. Ila huyo aliyekuambia kwamba Watao, wafuasi wa ile falsafa ya kale ya Kichina iitwayo Tao, hawaamini jema wala baya, kwa hiyo ukubali yaishe, amekupa nusu ya maneno. Kile kisa cha mzee wa mpakani kimo katika Huainanzi, kitabu kilichoandikwa kwenye baraza la Liu An, mtawala wa Huainan, karne ya 2 KK. Farasi wa mzee huyo akakimbilia kwa watu wa Hu, wale wa kaskazini ng'ambo ya mpaka, majirani wakaja kumpa pole. Akawauliza, mnajuaje kama si heri? Farasi akarudi na mwenzake mzuri, wakampongeza. Akauliza tena, mnajuaje kama si shari? Kijana wake akaanguka kwa kumpanda, akavunjika mguu. Kisha vita vikaja, wanaume wengi wa mpakani wakafa, kijana akapona kwa ule ulemavu wake. Angalia, mzee hasemi kwamba mguu kuvunjika ni kuzuri. Anachokataa ni kutoa hukumu mapema. Basi nawe lia kama unataka kulia, lakini usikubali mtu akufungie hesabu leo, kwa pongezi wala kwa pole.

Sasa chungu. Umeandika kwamba safari iliyopita nyama ilikuwa kavu kama vumbi, ingawa ulinunua ile "nzuri" yenye mafuta asilimia 1. Tatizo ni hiyo hiyo nzuri. Ni kidari kitupu, na katika pilipili na bizari ladha nyingi huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Nunua nyama ya kusaga yenye mafuta asilimia 7 hivi, au changanya na ya paja. Sura ya pili ya Dao De Jing, kitabu kikuu cha Watao, inasema watu wakishakubaliana kwamba kitu fulani ni kizuri, hapo hapo na kibaya kimezaliwa. Refu na fupi hupeana umbo. Mafuta yanayoitwa mabaya pale dukani ndiyo yanayoibeba sufuria yako.

Kwa watu wanane chukua nyama kilo 1, maharage mekundu makavu gramu 350, vitunguu maji 2 vikubwa, hoho 2, kitunguu saumu punje 5, nyanya za kopo gramu 800, nyanya nzito ya kopo vijiko 2 vya chakula, unga wa ancho (pilipili kavu ya Meksiko isiyo kali sana) vijiko 3 vya chakula, bizari nyembamba kijiko 1 cha chakula, oregano vijiko 2 vya chai, na supu nusu lita.

Maharage yapike peke yake. Asidi ya nyanya huyazuia kulainika, na makopo mengi ya nyanya yana kalsiamu inayoyakaza zaidi. Ndiyo maana yako yalibaki magumu hata baada ya kupikwa kwa muda wa saa tatu. Na hapa, Halima, hakuna cha "mnajuaje". Maharage mekundu mabichi yana sumu inayotapisha na kuharisha vibaya. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, weka mapya, yatokote kwa nguvu dakika 30, kisha punguza moto mpaka yalainike. Usiyaanze kwenye lile jiko la umeme la moto mdogo, kwa sababu joto lisilofika kuchemka linaweza kuizidisha ile sumu. Anayefuata Tao hufuata asili ya kitu, na hiyo ndiyo asili ya haragwe. Yule aliyekuambia ukubali tu angekulazia wageni wote hospitali.

Nyama ikaange kwa mafungu mawili. Bata mzinga hutoa maji mengi. Ukijaza sufuria inachemka badala ya kukaangika. Itandaze, iache dakika 4 au 5 bila kuigusa mpaka chini iwe kahawia, ndipo uivunjevunje kwa mwiko. Itoe. Kaanga vitunguu na hoho, kisha saumu, kisha viungo vyote vikavu na nyanya nzito kwa dakika moja tu. Vikiungua vinakuwa vichungu na havirekebishiki. Nyanya, supu, nyama, chumvi, moto mdogo dakika 45 bila kufunika. Maharage yaingie dakika 20 za mwisho. Ndimu ikamuliwe ukishaepua.

Ikizidi ukali usiongeze maji, hayashiki ukali. Ongeza maharage, au kila mtu aweke mtindi mzito kwenye bakuli lake. Kitakachobaki kigawe kwenye vyombo vifupi na kiingie friji ndani ya muda wa saa mbili tangu kuepuliwa. Kinakaa siku 3 au 4. Kesho yake kinanoga zaidi, kwa hiyo ukiweza pika Ijumaa (basi maharage yalowekwe Alhamisi).

Narudi kwenye ile nafasi, maana naona inakuuma. Walikuambia sababu, au walikupa jina la aliyepata tu? Bado unaitaka, au ulichotaka ni kutoka chini ya yule bosi? Ile idara nyingine uliyonitajia imejaza watu? Na Jumamosi, Mama Zai anakuja na wale wajukuu wasiokula pilipili? Sufuria yako kubwa inafika lita 6? Na hayo maharage umenunua lini, maana ya zamani hayalainiki hata uyasihi?

Nijibu kabla ya Alhamisi.

Wako,
Rehema