Mzee wa chekeche naye apewe cheti

Mhariri,

Niruhusu niseme kidogo kuhusu wazee wanaochimba mabaki ya kale, juu nimeona mkiandika sana habari za maprofesa kugundua hiki na kile na sijawahi kuona mkiuliza ni nani hasa alikuwa ameshika mwiko siku hiyo.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Nairobi, nasomea historia na akiolojia. Mwaka jana likizo ndefu nilibahatika kuingia kwa zile skuli za uwanjani ambapo vyuo vya ng'ambo huleta wanafunzi wao kuchimba huku kwetu. Wao huiita ya kiangazi na hiyo ilinichekesha sana, kwa sababu inafanyika Juni na Julai, na mtu wa Nairobi anajua Julai ni mwezi wa sweta mbili. Lakini tuliposhuka Bonde la Ufa upande wa Kajiado nikakoma kucheka, kule saa nne asubuhi jua lishakuwa kama pasi. Karo ilikuwa ya dola. Wageni walikuwa kumi na kitu, sisi Wakenya watatu, na sisi tuliingia kwa kufadhiliwa, la sivyo mamangu angeuza ng'ombe ambaye hata hana. Hayo ya karo nayaacha leo, yana barua yake.

Sasa mimi nilidhani kuchimba ni kuchimba tu, nimekulia Kangundo likizo zote na jembe mkononi. Siku ya kwanza wakanipa mraba wangu, mita moja kwa mita moja, vigingi pembeni na kamba imevutwa, nikapewa mwiko, ni huu huu wa fundi wa plasta ila mdogo na una ncha. Nikaudunga chini kwa nguvu. Nyuma yangu nikasikia mtu anasema, "A-a, binti yangu. Hapa hatupandi maharagwe."

Huyo ndiye mzee wangu. Jina naliacha juu sijamuomba ruhusa. Ni mtu wa Ukambani, amefanya hii kazi zaidi ya miaka thelathini, kambi moja hadi nyingine, na kwa karatasi za kambi ameandikwa kibarua. Alichuchumaa akanionyesha, unakwaruza na ubavu wa mwiko, hudungi na ncha, unashuka sentimita tano tano, ukuta wa shimo unabaki wima kama wa nyumba, na kitu kikijitokeza huking'oi hata kama kinakuwasha mkono, kinapimwa kwanza pale pale kilipolala, kaskazini, mashariki na kina, kinapigwa picha, ndo kinatoka. Ukiking'oa kabla, alisema, umebaki na jiwe tu.

Lekchara wetu alikuwa mzuri, sisemi vibaya, alitueleza vizuri vile umri unapatikana. Kwamba majivu ya volkano yana potasiamu ambayo hugeuka argoni polepole kwa mwendo unaojulikana, leba, yaani maabara, ikipima jivu la chini na jivu la juu basi jiwe lililo katikati umelibana, haliwezi kukudanganya umri. Niliyaelewa ubaoni. Lakini kule shimoni ni mzee aliyenishika mkono akasema, "Sikiza, sauti imebadilika." Na kweli, mwiko ulikuwa unalia krr krr kwa changarawe halafu ukaanza kunyamaza, kama unakwaruza unga. Tulikuwa tumeingia kwa jivu. Mashine ya kupimia iko pale juu kwa miguu yake mitatu na hakuna aliyekuwa ameona bado.

Wiki ya tatu nikafanya kosa. Udongo ukitoka shimoni unawekwa kwa karai, karai inamwagwa kwa chekeche ya waya, unatikisa, unaokota, mabaki unayatupa kwa rundo la udongo pembeni. Ilikuwa saa saba, maji yameisha kwa mtungi, mbuzi wa jirani wanatuzunguka, mimi nikatikisa haraka nikatupa. Mzee akapita, akainama pale kwa hilo rundo, akatoa kitu cheusi kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, akakifuta na shati, akakiinua juani. Kingo zake zilipitisha mwanga kama chupa ya bia. Akanigeuzia upande mmoja, kulikuwa na kinundu kidogo laini na mawimbi yanatoka hapo kama maji ukitupa kokoto. "Hapa ndo palipogongwa. Hii haikuvunjika yenyewe. Na jiwe hili si la hapa, limeletwa."

Mtu akidhani hiyo ni hadithi ya kambi aangalie Olorgesailie, hapo tu barabara ya Magadi. Mwaka 2018 watafiti walichapisha kwamba watu wa pale, kama miaka 300,000 iliyopita, walikuwa wakipata hayo mawe meusi ya kioo kutoka mbali, kilomita 25 hadi 95. Ushahidi wa hivyo ni vipande kama kile nilichokuwa nimetupa kwa sababu ya kiu.

Siku ya mwisho tulipangwa mstari tukapewa vyeti, makofi, picha. Mzee alikuwa nyuma ya lori anakunja turubai. Miezi michache baadaye nikatumiwa rasimu ya ripoti, nikatafuta, nikakuta majina yetu yote hata ya yule aliyeugua tumbo wiki mbili hakushika mwiko, na mwishoni mstari mmoja wa kushukuru wenyeji. Wenyeji! Mzee kwao si hata Kajiado.

Na si ati hatuna mfano. Kamoya Kimeu alianza kama kibarua wa kuchimba kwa akina Leakey, ile familia ya watafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, na mwaka 1984 kule Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, ndiye aliyeona kipande kidogo cha fuvu kati ya kokoto, kikawa ndo mwanzo wa kupatikana mifupa ya yule kijana wa Turkana wa miaka karibu milioni 1.5 ambaye tunapanga laini kumwona pale makumbusho ya Nairobi. Bernard Ngeneo naye ndiye aliyeona lile fuvu la kale la namba 1470 mwaka 1972. Hao tunawajua kwa sababu kuna mtu alijisumbua kuandika jina.

Ombi langu ni dogo. Sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inasema hakuna kuchimba bila leseni. Basi kwa hiyo leseni kuwekwe sharti, kila mchimbaji aandikwe jina kwa ripoti pamoja na alichokipata, na skuli ikitoa vyeti kwa wanafunzi wa wiki sita itoe pia kwa aliyewafundisha. Karatasi moja na mhuri, haigharimu dola.

Juzi mzee alinipigia simu kunisalimia, akauliza kile cheusi kilipewa namba gani. Nikafungua daftari langu. Namba ipo, kina kipo, na pale kwa aliyepata nimejaza jina langu, kwa mwandiko wangu mwenyewe, juu tuliambiwa kila mraba ni wa mwanafunzi wake. Nilimsomea namba, jina sikumsomea. Jumatatu naandikia leba warekebishe.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu,
Kasarani, Nairobi